Kufuli Lenye Chapa ya Mwenge

Mwizi hakuchagua. Alizoa.

Inspekta Kornel Shilinde alisimama katikati ya stoo ya zahanati ya Tuinuane, mkono mmoja kiunoni, akaitazama rafu tupu. Bandeji zilikuwepo. Sabuni zilikuwepo, na mafuta ya taa, na mizani ya kupimia watoto, vitu ambavyo mwizi yeyote wa mji wa Tabora angeanza navyo. Rafu ya dawa peke yake ndiyo iliyofagiliwa, makopo ya vidonge, chupa za dawa ya kifua, maboksi ya sindano, hata dawa ya minyoo.

Mlango ulikuwa mzima. Bawaba nzima. Nondo za dirisha hazikuguswa. Na kufuli, lile kufuli zito la aina ya Ngome, lilikutwa asubuhi limefungwa vilevile lilivyoachwa jioni.

"Sasa hapo kuna fumbo gani, afande?" alisema Koplo Saidi, aliyekuwa amejiegemeza mlangoni. "Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ni mmoja, na unalala kiunoni mwa nesi. Nilimkamata siku ileile. Wewe umetumwa kumchukua tu umpeleke Tabora, lakini nyie Wasukuma hamwezi kuchukua ng'ombe bila kumhesabu miguu."

"Na nyie Wazaramo mnachukua ng'ombe wa mtu mwingine na kumwita wenu," alijibu Inspekta bila kugeuka.

Koplo akacheka. Utani wa makabila yao ni wa tangu enzi za misafara, na cheo hakiuzuii. Inspekta hakucheka. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa safari peke yake, ingawa alikuja na treni ya mizigo kutoka Tabora, amekaa juu ya benchi la mbao, vumbi likimwingia hadi kwenye meno. Alichoka na kazi yenyewe. Aliomba kustaafu arudi kwao Choma akachunge ng'ombe wachache wa marehemu baba yake, akajibiwa avumilie, taifa linajengwa. Basi alikuwa akivumilia, na goti lake la kushoto likivumilia naye shingo upande.

"Kesho kuna treni ya kurudi," alisema. "Mtuhumiwa yuko wapi?"

"Kaliua, kituoni. Na kitoto chake."

"Ana mtoto?"

"Ananyonyesha, afande. Kituo chote hatulali."

*

Nesi Bertila alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, sare yake nyeupe imekwishageuka rangi ya udongo. Alikaa kwenye mkeka ndani ya chumba cha mahabusu, mtoto kifuani. Alimwamkia Inspekta shikamoo kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka machozi yakakauka.

"Marahaba. Jina lako?"

"Si limo kwenye jalada hapo?"

"Limo. Nataka kulisikia kwako."

"Bertila."

"Dawa za Serikali zimeibwa, Bertila. Unajua adhabu yake?"

"Koplo ameniambia kila asubuhi. Miaka. Na huyu sitakwenda naye miaka yote hiyo, atachukuliwa." Alimkumbatia mtoto zaidi. "Afande, mimi sikuiba. Mume wangu yuko jeshini, sina hata mtu wa kumpa dawa zote zile. Ningezipeleka wapi?"

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kiunoni. Nalala nao, naoga nao."

"Uliwahi kumpa mtu?"

"Hapana."

"Hata dakika moja?"

"Hata dakika moja."

Ah, mwanamke huyu! Inspekta alijisikia hasira kidogo. Kila jibu alilotoa lilikuwa kamba shingoni mwake mwenyewe. Mtu mwongo angesema aliusahau mezani, angesema kuna mgeni alilala kwake. Huyu alikuwa akijifungia mlango kwa mikono yake, tena kwa ukweli.

"Kufuli lako lilitiwa kiraka?"

"Lina chapa ya mwenge."

Na hapo ndipo kila askari wa mkoa ule angefunga daftari lake akaenda kunywa chai.

Kisa cha makufuli ya Ngome kilijulikana na kila mtu. Serikali ilikuwa imeyagawa kwa kila stoo, kila ghala la tumbaku na kila duka la kijiji, kuanzia Nzega mpaka kwenye njia ya Mpanda. Kumbe yalikuwa na kasoro. Mlevi mmoja wa Nzega, kwa hasira ya kufungiwa duka, alilivuta kufuli chini akaligonga ubavuni kwa mchi wa kinu. Likafunguka. Akalibana tena, likafunga, wala halikuonyesha alama. Kumbe ndani kuna kilimi kinachoshikwa na springi, na springi ikitikiswa sawasawa, kilimi kinaruka.

Viraka vikaagizwa, vipande vidogo vya chuma vya kukizuia hicho kilimi kisiruke. Lakini kabla viraka havijafika, Bwana Maendeleo mmoja alipita kila kijiji akiitisha mikutano ya hadhara. Katika ujamaa hatufichani, alisema. Mwananchi ana haki ya kujua kasoro ya kufuli lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta! Akatundika kufuli kwenye kiti, akaomba mchi kwa akina mama, akagonga. Paa! Likafunguka, watu wakapiga vigelegele. Akarudia, kwa faida ya waliokaa nyuma. Mwezi ule wezi wa mkoa mzima hawakuhitaji kusomea kazi tena. Shule ilikuwa ya bure, na mwalimu alikuwa na kipaza sauti.

Hatimaye viraka vilikuja. Mafundi wa mjini Tabora wakatumwa vijijini, na kila kufuli lililotiwa kiraka lilipigwa chapa ya mwenge usoni. Tangu hapo msemo ukawa mmoja: lenye mwenge halifunguki.

"Nimekuuliza kiraka, si chapa," alisema Inspekta, zaidi kwa mazoea kuliko kwa shaka. "Fundi alikuja lini?"

"Siku moja kabla ya wizi kugunduliwa. Siku mbaya, afande. Ilikuwa siku ya chanjo, akina mama wamejaa mpaka uani. Nikamwambia, fundi, leo siwezi kukaa na stoo bila kufuli, njoo kesho. Akasema basi, halina haja ya kutoka, atalimalizia papo hapo mlangoni. Nikasikia nyundo, ko, ko. Nilipotoka alikwishaondoka, na mwenge upo."

Inspekta aliinua kichwa.

"Kufuli halikutoka mlangoni?"

"Halikutoka. Si nimekwambia nilikataa?"

Alisimama taratibu, akishika ukuta. Goti lake lilikuwa limekumbuka kabla ya kichwa. Makufuli ya kituo chake mwenyewe yalipotiwa viraka, yeye ndiye aliyesimama lindo kwenye mlango wa ghala la silaha tangu asubuhi mpaka mchana, kwa sababu fundi alilichukua kufuli akaenda nalo kwenye fuawe karakanani. Hakuna njia nyingine. Lazima ribiti zinazobana pande zake mbili zikatwe kwa tindo, tumbo la kufuli lipasuliwe, kiraka kiingie, kisha lifungwe kwa ribiti mpya.

"Saidi! Niletee kielelezo."

Koplo alileta kufuli ndani ya mfuko wa gunia. Inspekta akalipeleka dirishani. Chapa ya mwenge ilikuwa mpya, inameta. Akaligeuza. Ribiti zote zilikuwa nyeusi kwa kutu, hakuna hata moja iliyoguswa tangu kiwandani.

"Mchi," alisema.

"Nini, afande?"

"Mchi wa kinu. Hamtwangi hapa?"

Nyuma ya kituo mke wa askari mmoja, Imakulata, alikuwa akitwanga kisamvu. Alimtazama Inspekta kuanzia kofia mpaka viatu. "Na sisi tutakula nini leo, ushahidi?" aliuliza, lakini akaufuta mchi na kanga, akautoa.

Inspekta alilifunga kufuli kwenye nondo ya dirisha, akalivuta chini, akagonga ubavuni. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Koplo Saidi akaanza kutabasamu. Akaligonga mara ya tatu, chini kidogo, na kufuli likaachia kwa mlio mdogo mkavu.

Tabasamu la koplo likafa.

"Lakini lina mwenge, afande!"

"Mwenge uko nje, Saidi. Kiraka kinakaa tumboni."

"Basi nimemweka ndani mama wa watu bure."

"Bado hujui hilo. Wala mimi sijui." Inspekta alimrudishia Imakulata mchi wake kwa shukrani. "Mwendesha mashtaka atasema hivi: kila mtu alijua kugonga, lakini nani angejisumbua kugonga kufuli lenye mwenge? Ni yule aliyejua kuwa tumbo ni tupu. Na Bertila alikuwepo pale mlangoni. Kesho kwenye treni nitampandisha yeye, kama sina mwingine."

Alirudi mahabusu, akachuchumaa mbele ya mkeka, jambo lililomgharimu.

"Huyo fundi ni nani?"

"Mzee Lukumani. Wa Gongoni, Tabora. Mtu mwenye heshima zake."

"Mliongea nini?"

"Hakuna. Alisalimia. Akaomba dawa."

"Dawa?"

"Wote wanaomba dawa, afande! Mchana kutwa ni dawa, dawa. Alisema ni ya mjukuu wake, kifua kimembana. Binti yake amehamishiwa Mtakuja. Nikamwambia alete kibali. Mtakuja bado haijaandikishwa, haina fungu la dawa. Nikimpa mmoja leo, kesho nina Mtakuja nzima hapo mlangoni, na watoto wa Tuinuane wanywe nini? Nikamwambia amlete mtoto nimwone. Akasema hali yake haibebeki kwenye baiskeli, njia yote ile ya msituni." Alimtazama mtoto wake aliyekuwa amelala. "Nilikuwa na foleni mpaka uani. Nilimjibu vibaya, nadhani. Nilimjibu kama mtu aliyechoka."

*

Kutoka Kaliua reli ya Mpanda inashika kusini, na Mtakuja ilikuwa ndani ya miombo, kando ya njia ya zamani ambako wapagazi wa Kinyamwezi walipita na meno ya tembo mabegani. Landrova iliwafikisha, ikiruka mashimo kama mbuzi. Nyumba zilikuwa mpya na nyingi hazijaezekwa. Watu walihamishwa wakaambiwa huduma zitawafuata. Huduma zilikuwa bado njiani.

Walimkuta Mzee Lukumani nje ya nyumba ya binti yake, akitengeneza fremu ya mlango. Alikuwa na kofia safi ya kiua na ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri. Kwenye mkeka pembeni walikaa wanawake wawili watatu, na kila anayepita njiani alikuwa akisimama, anasema maneno machache kwa sauti ya chini, kisha anaondoka. Inspekta alikuwa ameona matanga ya kutosha maishani mwake.

Alivua kofia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmetukuta katika msiba."

"Poleni sana. Nani ametutoka?"

"Mjukuu wangu. Tumemzika juzi."

"Pole, mzee. Mungu ampokee." Inspekta aliachia muda upite, kama adabu inavyotaka. Aliuchukia muda ule. Kazi gani hii, kwenda kumhoji mtu ambaye udongo wa kaburi la mjukuu wake haujakauka? "Nimekuja kwa habari ya makufuli."

"Makufuli."

"Kufuli la zahanati ya Tuinuane. Ulilitia kiraka?"

"Nililipiga mwenge."

"Nimeuliza kiraka, mzee."

"Kazi yangu yote nimeifanya." Lukumani alichukua msumari, akauweka kwenye mbao. "Uliza mkoa mzima. Hakuna aliyewahi kulalamika juu ya mkono wangu."

"Ulilitoa mlangoni?"

"Sikumbuki. Makufuli ni mengi."

"Ribiti zake zina kutu."

"Ribiti nyingine hushika kutu haraka."

"Na mwenge haukushika?"

Mzee akaokota nyundo. Koplo Saidi akafungua mdomo, Inspekta akamzuia kwa jicho. Wakati huohuo mwanamke kijana alitoka ndani na bakuli la uji. Macho yake yalikuwa yamevimba. Huyu ndiye Swaumu, binti wa mzee, mama wa marehemu. Aliona sare, akapiga goti kidogo kuamkia, kisha akabaki pale, bakuli mkononi, kama aliyepata mtu aliyekuwa akimtafuta siku nyingi.

"Afande, nyie ni watu wa Serikali," alisema. "Waambieni wakubwa. Waambieni watuletee dawa hapa. Mwanangu amekufa kwa kukosa dawa. Baba yangu alihangaika, alikwenda mpaka Tuinuane na baiskeli, wakamnyima. Alirudi usiku mikono mitupu. Basi tukakaa tunamtazama mtoto. Kidonge kimoja tu, afande! Kidonge kimoja kingemponya."

Nyundo ya mzee ilishuka ikakosa msumari. Ilimpiga kidole gumba, na hakupiga kelele. Alikaa tu anakitazama kidole kinavuja damu.

"Baba! Umeumia!"

"Si kitu. Nenda ndani, mwanangu. Kalete kitambaa."

Inspekta alimtazama Swaumu akiingia ndani, kisha akamtazama mzee. Kwa miaka yake yote ya upelelezi alikwisha kuona wezi wakitetemeka kwa hofu ya jela. Huyu hakuwa akiogopa jela. Alikuwa akimwogopa yule mwanamke mwenye bakuli la uji.

"Tutembee kidogo, mzee," alisema kwa upole. "Sisi wawili. Koplo atabaki na wafiwa."

*

Waliingia msituni kwa mguu mpaka sauti za kijiji zikafifia. Mizinga ya nyuki ilining'inia juu ya miti, magogo yaliyochongwa matundu, mengine yakivuma, mengine tupu yakisubiri kundi.

"Ziko wapi?" aliuliza Inspekta.

Mzee Lukumani aliinua kidole chake chenye damu. "Mzinga ule. Ule usio na nyuki. Zote zipo. Ila kidonge kimoja."

Akakaa chini kwenye majani makavu, hakungoja kuambiwa. Inspekta naye akakaa, goti akalinyoosha mbele.

"Ni wajibu wangu kukuonya. Utakayosema yataandikwa, na yatasomwa mahakamani."

"Yasomwe."

"Kiraka hukutia."

"Sikutia."

"Kwa nini?"

"Nisikudanganye kuwa nilisahau, au kwamba foleni ilinizuia. Foleni ilikuwepo, ningeweza kurudi kesho yake. Yule mama aliponiambia kibali, niligeuka nikatazama kufuli. Nikajua likishaingia kiraka, mlango ule nimeufunga kwa mkono wangu, na mjukuu wangu yuko upande wa nje. Nikatoa chapa mfukoni, nikapiga. Niliposhika nyundo nilijua ninachofanya. Miaka yote hii, ndugu yangu, ndiyo chapa ya kwanza ya uongo niliyopiga."

"Ukarudi usiku."

"Nikarudi. Nilijikata gongo la mninga, nikagonga, likafunguka. Nikaingia na kurunzi. Nikaikuta ile rafu." Alicheka kicheko kibaya kisicho na sauti. "Makopo! Makopo chungu nzima, na kila moja lina maandishi yake ya Kizungu. Mimi nimesoma chuoni, msahafu naumaliza, barua ya Kiarabu naiandika. Maandishi yale siyajui. Ningejuaje ipi ni ya kifua na ipi ni ya tumbo? Nikazoa yote. Nikafunga kwenye shuka, nikapanda baiskeli."

Inspekta hakuandika. Alikuwa ameshika kalamu tu.

"Binti yako anasema ulirudi mikono mitupu."

"Shuka nililificha nje kwanza. Nilitaka nimpate mtu wa kuyasoma. Hapa Mtakuja hakuna, mwalimu hatujapewa, elimu ya watu wazima haijafika. Na nikisema nina dawa, watauliza nimezitoa wapi. Alfajiri mtoto akazidi. Nikamwambia Swaumu atoke akachote maji, nikampa mtoto kidonge kimoja cheupe. Akatapika. Nikaogopa. Vyeupe vilikuwa kwenye makopo mengi, afande, na dawa ukiikosea ni sumu. Nikaona nitamwua kwa mkono wangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema liwalo na liwe. Nikamtuma mkwe wangu kwa baiskeli, akambembeleze nesi aje. Nilikuwa tayari kumpigia magoti, nimwonyeshe dawa zake, nimwambie mimi ndiye mwizi, nifunge, lakini kwanza nisomee makopo." Akafuta kidole chenye damu kwenye majani. "Mkwe wangu alirudi peke yake. Akasema nesi hayupo, amekamatwa. Polisi wanasema ni yeye, maana kufuli lilikuwa na mwenge."

Upepo ulipita juu ya miombo.

"Mimi nilidhani hakuna atakayemshika," mzee aliendelea. "Nilijua watu watasema, ah, ni yale makufuli ya kugonga, mwizi ni yeyote. Sikukumbuka kuwa mwenge wangu ndio utakaomfunga. Watu wanauamini mwenge wangu, afande. Mtu mmoja tu njia nzima hii angeweza kusoma yale makopo, na nikamweka ndani mimi mwenyewe, kabla hata sijamwibia. Mtoto alikaa siku mbili akivuta pumzi. Dawa zilikuwa juu ya mti huu. Kutoka hapa mpaka kitandani kwake ni mwendo wa kuita mtu akaitika."

"Na baada ya mazishi? Bertila alikuwa bado ndani. Ana mtoto anayenyonya. Hilo ulilijua?"

"Nililijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. "Si kwa kuogopa kifungo. Nifungwe, mimi ni mzee, nimebakiza nini? Umemsikia Swaumu. Anaamini mtoto alikufa kwa sababu dawa hazikuwepo. Hilo ni la Mungu na Serikali, mtu anaweza kulibeba. Nikisema, atajua zilikuwepo. Atajua baba yake alizileta mpaka mlangoni, akazipandisha mtini. Mwache, afande. Andika niliziiba nikauze. Andika tamaa."

"Siwezi."

"Ni neno moja tu."

"Ni chapa ya uongo, mzee." Inspekta alisema hivyo kwa uchovu, si kwa ukali. "Na kuna mama mwingine amekaa kwenye mkeka kule Kaliua kwa ajili ya ile ya kwanza. Simama twende. Utamwambia binti yako mwenyewe, kabla hajasomewa na karani wa mahakama. Muda wa kufanya hivyo nitakupa."

Akampa. Alisimama mbali, karibu na Landrova, kofia mkononi, ameigeuzia ile nyumba mgongo. Alisikia mwanamke akiuliza swali, na akilirudia, na akilirudia tena kwa sauti inayopanda. Kisha akasikia kilio ambacho hakikuwa cha matanga. Koplo Saidi, mtu wa maneno mengi, alikuwa akipiga teke tairi la gari polepole, macho chini.

*

Asubuhi treni ilichelewa, kama kawaida yake. Mzee Lukumani alikaa kwenye benchi la stesheni kati ya askari wawili, pingu zimefunikwa kwa shuka. Inspekta alikuwa amekwisha kupiga simu ya upepo Tabora. Makufuli yote ya Ngome yaliyopitiwa na mzee yule yatolewe milangoni yapasuliwe upya, lenye mwenge na lisilo na mwenge. Ofisa wa upande wa pili alilalamika kuwa hiyo ni kazi ya miezi, tena mzee mwenyewe amesema ni lile moja tu. Huenda ni kweli, alijibu Inspekta, lakini nani atakwenda kuapa?

Bertila alitolewa mahabusu, mtoto mgongoni. Koplo Saidi alimwomba radhi kwa maneno yaliyomtoka kwa shida. Yeye akaitikia kwa kichwa tu. Kwenye meza ya kituo yalipangwa makopo yake, shuka limekunjuliwa, na Inspekta akamweleza yote, kwa ufupi, kwa sababu alistahili kuambiwa.

Alisikiliza akiwa amesimama. Hakumtukana fundi. Aliyapitia makopo moja moja kwa vidole.

"Mtoto alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Alikuwa anaanza kusimama dede, wanasema."

"Kifua? Pumzi inapanda juu juu, mbavu zinaingia ndani?"

"Hivyo hivyo."

Bertila alichukua kopo moja kutoka katikati ya mengine, la kawaida, la vidonge vyeupe. Hata kifuniko chake hakikuwa kimefunguliwa. Alilishika kwa mikono yote miwili, na mtoto wake mgongoni akaanza kulia akitaka kunyonya, naye hakumsikia.

"Nusu kidonge," alisema. "Unakiponda kwenye uji. Asubuhi, mchana na jioni."

"Basi?" aliuliza Inspekta.

"Basi."